Kidudu Huyu

Helmi Raudsik amestaafu kiwanda cha maziwa.
Ni Novemba, kusini mwa Estonia;
saa kumi alasiri jua limekwisha funga duka.
Juu ya meza ya jikoni, hadubini ya mtumba,
taa yenye shingo ndefu, chai iliyopoa,
na kwenye kisahani cha spiriti
nzi asiyefika punje ya ufuta.

Alimpata Septemba, kinamasi cha Soopera,
mbele ya tundu la mbweha, ndani ya bakuli
la manjano lenye maji ya sabuni.
Helmi ndiye aliyetega bakuli.
Nzi ndiye aliyetega kitendawili.

Kitabu cha kutambulia kinauliza kama karani wa mpakani:
Mshipa wa tatu wa bawa, umegawanyika?
Nenda namba kumi na nne.
Nywele za utosini, mbili? Nenda ishirini.
Tatu? Nenda thelathini na moja.
Helmi anahesabu, anapangusa lenzi, anahesabu tena:
kushoto tatu,
kulia mbili.
Kitabu hakina namba ya mtu wa namna hiyo.

Aliyempa jina wa kwanza alikuwa mchungaji wa kanisa,
miaka mia na sabini iliyopita, kando ya ziwa fulani,
mistari minne ya Kilatini:
*mweusi, miguu rangi ya kutu, anang'aa kidogo.*
Kidogo kiasi gani, baba mchungaji?
Na nzi wake yule, shahidi pekee,
aliliwa na visumbuzi vya makumbusho.
Imebaki pini, imesimama wima,
na kikaratasi chini yake kinachoapa.

Barua ya Brno ilichukua wiki kumi na moja.
Daktari Vavřinec Holub: *Ni jike, bibi.
Majike ya kundi hili ni maji na maji.
Dume ndiye abebaye hati zake, nchani mwa tumbo.
Niletee dume.*
Ya Turku iliwahi zaidi. Tuulikki Ahonpää
hakubaliani na Holub tangu mkutano wa mwaka tisini na nane:
zile Holub aziitazo aina mbili, kwake ni moja;
ile moja ya Holub, kwake ni tatu,
na huyu wa Soopera, *labda* — amepigia mstari —
labda hayumo katika yoyote.

Helmi anacheka peke yake, paka anageuka.
Cheti chake cha kuzaliwa kina muhuri wa nchi
isiyokuwapo tena, na yeye
hajahama hata chumba.

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili
nina shaka yangu ya pembeni.
Kidudu: kwa umbo, yuko benchi moja
na kiti, na kikombe, na kijiko.
Lakini anapumua; basi sarufi humwinua,
humvusha ngeli, humketisha na mtoto na mgeni:
kidudu huyu, amekuja, amekufa, hajulikani.
Mwili wa kitu, heshima ya mtu.
Hata lugha ilisita kizingitini
kabla ya kusema karibu.

Usiku Helmi anaandika lebo.
Wino kwa mahali, kwa tarehe,
kwa mkono ulionasa.
Kwa jina, penseli,
na mbele ya jina alama ya kuuliza
ndogo kama mguu wa nzi.

Machi barafu ikilegea atarudi na mabakuli sita
kumtafuta huyo dume. Huenda yupo.
Huenda ni jike tu, vizazi na vizazi, wakizaana bila hati.

Kwa sasa ada ni ada: ukishindwa, toa mji.
Brno imeshindwa, Turku imeshindwa.
Helmi anampa Soopera nzima,
kinamasi, misonobari midogo iliyodumaa,
tundu la mbweha na mbweha wake,
daraja la mbao lenye ubao mmoja uliovunjika.

Mji ameupokea.
Jibu hajatoa.